Mkwe, Tenga na Tetemeko

Mama yangu alikuwa tayari kufa kwa adabu. Leo nalisema kwa upendo, ingawa siku ile nililisema kwa hasira. Wako watu wa bondeni walioogopa mamba, na wako walioogopa radi za masika. Mama aliogopa kitu kimoja tu, kuonana uso kwa uso na mume wangu.

Hawakuwa na ugomvi. Mama alimpenda sana mkwe wake, na hakuchoka kunikumbusha kwamba yeye huletewa samaki wakubwa na sisi wenyewe tunabaki na vidagaa. Ila kwetu, miaka ile ya hamsini, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutazamana. Wakikutana njiani, mmoja aliacha njia na kuingia majanini, hata kama majani yenyewe yamesimama kwenye maji. Hawakula pamoja, hawakukaa chini ya paa moja, hawakusemeshana. Iliendelea hivyo mpaka miaka ipite, watoto wazaliwe, na wazee wakae waamue kuwafungulia. Aliyevunja mwiko kabla ya hapo aliitwa hana haya, na mama angeona nafuu kuitwa mchawi.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa Kivukoni, kijana mrefu, mpole, mwenye kuangalia chini hata anapozungumza na kuku. Alijua wajibu wake. Akija nyumbani kwetu Michenga alianza kukohoa tangu kwenye mashamba ya jirani, kikohozi kikavu cha kubisha hodi, na mama akikisikia alikusanya khanga yake na kutoweka. Wapita njia walimhurumia kijana wa watu kwa kudhani ana kifua. Kifua kilikuwa kizima kabisa, kilichokuwa kinaumwa ni adabu.

Wakilazimika kuambizana jambo, walipitia vyombo. Mama, akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, alisema, "Kinu, muulize mgeni kama wali umemtosha." Mume wangu barazani aliinamia bakuli lake na kulijibu, "Bakuli, mwambie mama nimeshiba, nashukuru." Mimi nilikaa katikati yao na masikio yangu mawili mazima, na hakuna aliyenihitaji.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyefaidi. Yeye na mume wangu walikuwa watani, kama ilivyo desturi ya bibi na wajukuu. Alimwita "mume wangu" mbele ya watu wote, mimi akaniita mke mwenza, na kila alipoletewa samaki alinikumbusha kwamba yeye ndiye mke mkubwa. Bibi aliishi kwenye kibanda chake cha miti na udongo, pale pale uani kwetu. Aliamini mila kama mama alivyoziamini, ila alizijua vizuri zaidi, kwa hiyo alijua pia zinapopindika.

Sasa nimlete baba. Baba alikuwa amerudi kutoka vita vya Bama, vile vya Wajapani, na filimbi ya chuma na tabia ya kutoa amri. Tabia ilitusumbua kuliko filimbi. Alikuwa pia amerudi na hamu ya kukaa kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma. Aliyafyatua mwenyewe kwa udongo wetu mweusi, akayachoma mwenyewe, akajenga nyumba ya kwanza ya matofali katika sehemu ile ya kijiji. Kuta za pembeni alizipandisha juu sana hadi kwenye paa, nchani zimechongoka, kwa sababu alitaka nyumba ionekane na anayekuja kutoka upande wa Ifakara. Mlango alitoa mmoja tu, wa mbele. Alisema nyumba yenye milango miwili ni ya kuwakaribisha wezi. Bibi aliizunguka nyumba ile siku ilipokamilika, akaigonga kwa fimbo, akasema ni nzuri kwa maiti. Baba hakumsemesha mpaka jioni.

Mimi nilirudi kwa mama kujifungua mtoto wangu wa kwanza, kama ilivyo desturi. Tumbo lilikuwa kubwa, miguu imevimba, na hasira zangu zilikuwa karibu karibu. Mavuno ya mpunga yalikuwa yameanza. Mume wangu alikuja kusaidia kazi ya ukweni, akawa analala shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga. Alikuja nyumbani kula tu. Alikuwa na tenga lake la samaki ambalo hakuliacha. Asubuhi alikwenda nalo mtoni, mchana alilirudisha na samaki, likinuka kuliko samaki wenyewe.

Siku ya tetemeko la kwanza, yeye na baba walikuwa wanakula alasiri kwenye mkeka, mbele kabisa ya mlango wa nyumba. Mama alikuwa ndani. Alikuwa ameingia kuchukua kitu, kikohozi kikamkuta humo, basi akabaki. Mimi nilikuwa jikoni nimekaa kizingitini, bibi yuko kwenye kivuli cha kibanda chake anasuka ukili.

Kuku walinyamaza kwanza. Kisha ukaja mngurumo kutoka upande wa milimani, kama wa lori la mizigo, na sote tukageuza shingo kulitazama lori. Michenga hapakuwa na njia ya lori. Bibi akauliza ni nani huyo aliyenunua motokaa bila kusema. Hapo mkeka ukaanza kwenda wenyewe, maji ya mtungi yakamwagika, na kizingiti nilichokalia kikanisukuma kutoka chini mara kwa mara, kama mtu anayetaka nimpishe.

Baba alisimama, akatoa amri, "Tokeni nje." Sote tulikuwa nje, isipokuwa mama.

"Mama fulani, toka," baba akasema, akimwita kwa jina langu, kama alivyomwita siku zote.

"Siwezi," mama akajibu kutoka ndani.

"Ardhi inatikisika."

"Naiona. Mgeni amekaa mlangoni."

Naapa ndivyo alivyosema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, ingawa kila kitu kingine kilitetemeka. Mume wangu alichelewa kuelewa. Alipoelewa, aliruka kutoka mkekani na tonge la wali mkononi, akakimbilia kwenye mpunga wa jirani, akajilaza kifudifudi. Ardhi nayo ikatulia muda ule ule. Tukadhani yamekwisha. Ndipo matofali ya juu ya ukuta wa pembeni yakaporomoka ndani ya chumba, na vumbi likatoka mlangoni kama moshi wa tanuri.

Nilimwita mama. Hakuitika. Nilimwita tena, na mtoto tumboni akanipiga teke, na nikajua kabisa kwamba nitazaa bila mama. Sijawahi kuogopa vile.

"Ameondoka?" mama akauliza kutoka ndani ya vumbi.

"Ameondoka," baba akasema.

Akatoka. Kichwa cheupe, kope nyeupe, khanga nyeupe. Akatazama huku na huku kuhakikisha, kisha akalalamika kwamba chungu chake kipya kimevunjika. Nilitaka kumkumbatia na kumgombeza kwa pumzi moja. Nikaishia kulia tu, naye akaniambia nisilie, chungu kingine atafinyanga.

Baba hakulala ndani usiku ule, wala hakuruhusu mtu alale ndani. Alisema tetemeko lina mdogo wake, na huyo mdogo hupenda kuja watu wakisharudi vitandani. Huko Bama aliona kambi nzima inatikisika, na waliokufa ni wale waliorudi kuchukua viatu. Tulilala uwanjani, chini ya chandarua kimoja kilichotoboka, tukaliwa na mbu kwa nidhamu ya kijeshi. Mdogo wake kweli alikuja kabla ya mapambazuko, ila alikuwa mchanga, akachezesha sufuria tu, akaenda zake.

Asubuhi baba alitukusanya na kutueleza. Kitu kizito kisiwekwe juu ya mahali pa kulala, kwa hiyo sanduku lake la bati likashushwa kutoka darini, na jiwe la kusagia ambalo hakuna aliyejua lilipandaje huko. Njia ya mlangoni isiwe na kitu cha kujikwaa. Aliye jikoni amwagie moto maji, maana nyasi za paa hazingoji kuambiwa mara mbili. Kisha kila mtu aende kwenye uwanja wa kupuria mpunga, mbali na ukuta na mbali na msufi, akae chini, asirudi ndani kwa sababu yoyote.

Halafu, kwa kuwa alikuwa amenoga, akaongeza habari za bahari. Askari mwenzake mmoja, mtu wa visiwani, alimwambia kwamba pwani ardhi ikitikisika sana, bahari hurudi nyuma na kuacha samaki wanarukaruka mchangani. Mjinga hukimbilia samaki, mwerevu hukimbilia mlimani, kwa sababu maji yanarudi na hasira.

Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya mgomba ili mama asimwone, aliuliza kwa heshima kama na mto wetu unaweza kufanya hivyo.

Baba alifikiri. Hakupenda kusema hajui. Akaamuru mtumbwi mmoja ufungwe karibu na nyumba, na akasema mto ukikauka ghafla tutakimbilia Mkula, kwenye miinuko.

"Kwa miguu hii?" bibi akauliza, akiinyoosha. "Labda mume wangu anibebe."

Mtumbwi ukafungwa. Hakuna aliyecheka sana, maana kila masika tuliuhitaji hata bila tetemeko.

Lakini sote tulijua kwamba sanduku na mtumbwi si jambo lenyewe. Jambo lenyewe lilikuwa mama. Kazi ya ukweni ilikuwa ya mavuno yote, mlango ulikuwa mmoja, na mkwe alikula mbele ya mlango huo huo. Ardhi ikirudia, mama atabaki ndani tena, na safari hii matofali yanaweza yasikosee. Nilimwomba aahidi kwamba atatoka. Alinijibu kwamba mwanamke hatoki mbele ya mkwe wake anakimbia, khanga huku, yeye kule. Nilimwambia maiti haina haya. Akasema ndiyo, lakini watu wa mazishi wanayo.

Nikamwendea baba nikamwomba mlango wa nyuma. Baba aliutazama ukuta wake uliopasuka. Akasema ukitoboa ukuta wenye ufa unaumaliza, tungoje mpunga uishe atafanya yote mawili, atapunguza ukuta na kutoa mlango. Kwa sasa alichukua udongo akauziba ufa vizuri, akaulainisha kwa kiganja, akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ufa haukuonekana tena. Bibi akaniambia pembeni, "Nyumba ya miti hutikisika pamoja na ardhi. Hii ya baba yako hubishana nayo."

Ni bibi aliyepata njia. Alituita kibandani kwake, mama upande huu wa ukuta, mume wangu upande ule.

"Mwiko unakataza macho," akasema. "Miguu haikukatazwa. Mume wangu, ardhi ikitikisika utajifunika tenga lako kichwani, ukae pale pale ulipo. Huyu atapita."

"Na mimi nikimwona yeye?" mama akauliza ukutani.

"Utaona tenga. Tangu lini tenga likawa mkwe wa mtu?"

Mama akakiambia kinu kwamba hilo linawezekana, ila lazima liwe tenga, na lifike mabegani. Bila tenga hatoki.

Baba alifurahi kupita kiasi, kwa sababu sasa alikuwa na sababu ya kupiga filimbi. Zoezi la kwanza lilifanyika kesho yake. Filimbi ikalia, mume wangu akajifunika tenga, mimi nikamwagia moto maji na kuharibu uji, bibi akainuka taratibu akilalamika. Mama akatoka. Kwa bahati mbaya, mama naye alikuwa amejifunika khanga uso mzima ili awe na uhakika, na mume wangu, badala ya kukaa, alikuwa amesimama ampishe. Wakagongana katikati ya uwanja kama madume ya mbuzi.

Mama alikaa chini akashika kichwa. Kugusana na mkwe kulikuwa kosa kubwa kuliko kuonana. Mume wangu alibaki amesimama ndani ya tenga, hathubutu kulivua wala kwenda.

Bibi akafika, akalikagua tenga pande zote. "Aligongana na nani?" akaniuliza.

"Na tenga, bibi."

"Basi tenga lisamehewe." Akaenda zake kukaa mahali pake uwanjani, na kesi ikawa imekwisha.

Tangu hapo mazoezi yakaendelea, mchana au jioni, kila baba alipojisikia. Mume wangu alijifunza kukaa. Mama alijifunza kufunika nywele na kuacha macho. Watoto wa jirani walikuja kutazama, na baada ya muda mfupi Michenga nzima watoto walikuwa wanacheza mchezo wa tetemeko, mmoja anapiga kelele, mwingine anavaa kikapu. Watu wazima walitucheka. Baba aliwaambia kwamba waliomcheka Nuhu hawakujua kuogelea, na katika bonde letu, ambako hata mahindi yanajua kuogelea, maneno yale yaliwanyamazisha kidogo.

Mama naye akawa hodari. Filimbi ikilia hivi, amekwisha kupita, amekaa, amekunja miguu. Nilianza kupumua. Baba alimwagiza mume wangu asiachane na tenga lile, liwe kama bunduki ya askari, aende nalo, alale nalo. Mume wangu alitii, kama alivyotii kila kitu. Shambani alilala nalo, na mbu wenyewe walimkimbia.

Nikajifungua katikati ya mavuno, mtoto wa kike, kwenye jiko la mama, mama akinishika mabega na bibi akinitukana kwa utani mpaka nikasahau uchungu. Mume wangu alikohoa nje ya ua kutwa nzima. Mama akamwambia kinu, "Mwambie mgeni ni binti, na amechukua paji lake la uso." Baadaye nikajiuliza mama amelijulia wapi paji la uso la mume wangu. Nilipomuuliza, alisema amebahatisha.

Siku chache baadaye mume wangu akashikwa na homa huko shambani. Baba akambeba kutoka kwenye dungu, akamlaza ndani ya nyumba ya matofali, chumba cha mbele, kwenye mkeka, kwa sababu mahali pengine pote palikuwa na wanawake. Mama akahamia jikoni pamoja na mimi na mtoto. Kwenye nyumba kubwa hakutia mguu. Uji aliupika yeye, nikaupeleka mimi, na akaniuliza kama amekunywa wote au ameacha, na kama ana jasho, na kama anaongea maneno yenye kichwa na miguu. Usiku nilimsikia mama anageukageuka.

Tenga lilikuwa limelala kichwani pa mgonjwa, kama ilivyoamriwa. Lakini harufu yake ilimtapisha, basi asubuhi ile nililitoa, nikaliosha, nikalitundika kwenye ua likauke. Baba alikuwa amekwenda Ifakara kutafuta kwinini. Bibi alikuwa mlangoni kwake na ukili wake. Mama alikuwa anatwanga mpunga uani, mimi niko jikoni nanyonyesha.

Safari hii hapakuwa na ngurumo ya kutuonya. Ardhi ilitupiga mara moja. Mama aliacha mchi ukaanguka, akanijia jikoni, akaninyanyua na mtoto wangu kwa kwapa, akatusukuma uwanjani, na njiani akaupiga teke mtungi ukazima moto. Alifanya yote kama baba alivyotaka, ingawa hata filimbi haikuwepo. Bibi alikuwa ameshafika, amekaa. Nikatazama mlango wa nyumba ya matofali. Hakutoka mtu.

"Toka," nikapiga kelele. Nilimwita mume wangu jina lake mbele ya mama, jambo ambalo mke hafanyi.

Akaitika kutoka ndani, sauti ya mtu aliyelewa homa. "Nalitafuta tenga," akasema. "Silioni. Liko wapi tenga?"

Lilikuwa linaning'inia kwenye ua, linacheza huku na huku. Mama alilitazama, kisha akautazama mlango. Alielewa kabla yangu kwamba huyu hatatoka, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe angefanya. Mama mkwe wake alikuwa uani, naye hana cha kujifunika, basi angeendelea kupapasa sakafuni mpaka ukuta umalize maneno.

Nilianza kuinuka na mtoto mikononi. Mama akanibonyeza begani nikakaa. Akaenda. Hakukimbia, alitembea kwa hatua ndefu za mtu anayekwenda kumkanya mtoto, na khanga ikamwanguka kichwani, akaiacha chini. Akaingia kwenye mlango ule mmoja.

Bibi, aliyekuwa anatazama, aligeuza mgongo, akajiziba macho kwa viganja vyote viwili. "Mimi sioni vizuri tangu masika," akasema. "Mtu akiniuliza, sikuona."

Nilihesabu pumzi za mtoto kwa kuwa zangu hazikuwepo. Tofali la kwanza likaanguka kwa nje, upande wa Ifakara. Nikawaza kwamba nitawapoteza wote wawili ndani ya nyumba moja, watu ambao hawakuwahi kukaa ndani ya nyumba moja. Nilimchukia baba na ukuta wake, nikaichukia mila, nikamchukia na aliyelisuka tenga.

Mama akatokea. Alikuwa amemshika mkono, si kwa ncha za vidole, alikuwa amemkamata kiganja kizima kama unavyomvusha mtoto mto, na mkono mwingine amemzungushia kiunoni. Yule kijana mrefu alikuwa amejikunja, amefunga macho kwa nguvu zote kwa heshima, anajikwaa kila hatua kwa sababu ya kuyafunga. Wakafika uwanjani. Ukuta wa pembeni, pamoja na udongo wote uliouziba ufa, ukalala ndani, juu ya mkeka alikokuwa amelala.

Ardhi ikatulia. Vumbi likatufikia, likatupita. Mama alikuwa bado amemshika mkono. Kichwa chake kilikuwa wazi, mvi zake zote nje, na alikuwa anamtazama usoni, kwa kituo, kama mtu anayesoma. Mume wangu alikuwa anatetemeka kwa homa, midomo imekauka, macho amefumba. Alikuwa hajafikisha hata umri wa kuota ndevu za kunyolewa.

"Kumbe ni mtoto," mama akasema.

Akashusha pumzi, akamkalisha chini, akaegemeza kichwa chake begani kwake. Akaramba kidole, akamfuta vumbi kwenye paji la uso. Nilikuwa nalia tena, na mtoto alikuwa analia, na bibi alikuwa bado amejiziba macho, ila nilimwona anachungulia katikati ya vidole.

"Unaumwa wapi?" mama akauliza.

Mume wangu hakujua anaulizwa nani. Akageuza uso kwenye sauti ya kilio changu. "Mwambie mama," akaniambia kwa taabu, "namwomba radhi, na kichwa kinaniuma sana."

"Fumbua macho," mama akasema, "uniambie mwenyewe."

Akayafumbua, akamwambia.